Jedwali, duara, kusogeza au simu: njia ipi ya kujifunzia grafu za trigonometria?

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinitumia picha ya daftari la mwanawe, mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Chini ya picha aliandika: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Huyu ameketi na hii grafu tangu saa moja, na jibu la kitabu halikubali. Nimtafutie kitabu kingine?"

Swali lilikuwa kuchora y = 2 sin (x + 30) kutoka nyuzi 0 hadi 360. Grafu ilianza vizuri. Ilipanda hadi 2 kwenye nyuzi 60, ikateremka, ikakata mhimili kwenye 150, ikafika −1 kwenye 180. Kisha, kwenye 210, ikaruka juu ghafla hadi 1.73, halafu ikatumbukia hadi −2 kwenye 240. Ilifanana na kamba ya nguo iliyonaswa na tawi. Kijana alikuwa amesahau alama ya kutoa kwenye jedwali, basi. Kilichonishangaza ni kwamba alizipitia nukta zote kwa utiifu, akalainisha hata lile tawi, na hakushtuka.

Nilimjibu mama kwamba kitabu si tatizo. Kijana anajua kuchora, ila hajui anachora nini. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa swali hilihili kwa sura mbalimbali, na wazazi, na wanafunzi wenyewe, hata na mwalimu mwenzangu mgeni kazini: kati ya njia zinazotumika kufundisha grafu hizi, ipi ni bora? Naziona njia nne, na nitazipima zote kwa swali hilo moja lililomkwamisha kijana wa Umoja.

Jedwali na karatasi ya mraba

Hii ndiyo njia ya darasani, na ndiyo njia ya mtihani. Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne hapa Kenya, karatasi ya hesabu ina dakika 150 na alama 100, na sehemu ya pili hukupa maswali manane uchague matano yenye alama kumi kumi. Swali la grafu ya trigonometria likitokea huko, kwa kawaida hutaka vitu vitatu kwa mpangilio: jaza jedwali, chora kwa skeli uliyopewa, kisha tumia grafu kutatua mlinganyo. Ukigawa muda kwa alama, swali kama hilo lina robo saa. Anayejua jedwali vizuri hulimaliza ndani ya muda huo, na alama zake huzioni zikipotea hovyo kama kwenye maswali ya maneno marefu.

Kwa swali letu, unapanda kwa nyuzi 30: 0, 30, 60 na kuendelea. Unapata 1, 1.73, 2, 1.73, 1, 0, −1, −1.73, −2, −1.73, −1, 0, 1. Ukipewa skeli ya sentimita 1 kwa nyuzi 30 na sentimita 2 kwa uniti 1, kila kijisanduku kidogo cha milimita 2 ni nyuzi 6 kwa upande wa kulala na 0.1 kwa upande wa kusimama. Haya mambo ya vijisanduku ndiyo yanayoangusha watu, si trigonometria. 1.73 haikai kwenye mstari. Inakaa ndani ya kijisanduku, mbele kidogo ya 1.7. Mwanafunzi mvivu huiweka kwenye 1.8 kwa sababu kuna mstari hapo, na mkunjo wake unatoka na bega.

Halafu unaulizwa: tumia grafu yako kutatua 2 sin (x + 30) = 1.5. Unachora mstari wa y = 1.5, unateremka mahali panapokatana, unasoma. Jibu la kweli ni karibu nyuzi 18.6 na 101.4. Kwenye karatasi hiyo, la kwanza liko mbele kidogo ya kijisanduku cha tatu, la pili nyuma kidogo ya kijisanduku cha pili baada ya 90. Penseli butu inaweza kula nyuzi tatu nzima. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wangu wachonge penseli kabla ya kushika kikokotoo.

Kuhusu kikokotoo, chako kiwe chako. Usiazime asubuhi ya mtihani. Kilichotumiwa na mwingine kinaweza kuwa kimeachwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi, na hapo sin 30 itakupa −0.988 badala ya 0.5, na jedwali lako lote litakuwa takataka ya desimali zinazoonekana za maana kabisa. Angalia herufi D juu ya kioo. Kwenye Casio fx-82MS, ambayo nusu ya Nairobi inayo, bonyeza MODE mara mbili kisha 1. Wenye kutumia kitabu cha majedwali ya hesabu hawana tatizo hili, ila kitabu hicho kinaishia nyuzi 90, kwa hiyo lazima ujue mwenyewe kwamba sin 210 ni sin 30 yenye alama ya kutoa. Kijana wa Umoja angetumia kitabu, pengine asingesahau alama ile.

Sasa ubaya wa jedwali. Jedwali huona pale tu ulipoliambia liangalie. Jaribu y = sin 6x kwa hatua za nyuzi 30. Utapata sufuri, sufuri, sufuri, mpaka mwisho, nawe utachora mstari ulionyooka juu ya mhimili na kutia sahihi. Kumbe hapo katikati kuna mawimbi sita mazima yanayopanda na kushuka. Hakuna mtahini atakayekutega hivyo, lakini sin 3x anaweza kukupa, na hiyo kwa hatua za 30 ina 0, 1, 0, −1 tu, nukta nne kwa kila wimbi. Nimeona wanafunzi wakiziunganisha kwa rula, grafu ikatoka kama meno ya msumeno.

Tan ndiyo mbaya zaidi. Kwenye 60 unapata 1.73, kwenye 90 kikokotoo kinakataa, kwenye 120 unapata −1.73. Mwanafunzi wa jedwali pekee anaruka ile 90, kwa kuwa hakupata namba, na anaunganisha 60 na 120 kwa mstari mzuri wa kuteremka. Mahali penye ukuta yeye amejenga ngazi.

Duara

Duara hufundishwa Kidato cha Tatu, kabla ya grafu nzito za Kidato cha Nne, na wengi huliacha hukohuko. Walilipita kwa kukariri sin iko chanya wapi na cos wapi, bila kuambiwa kwamba grafu yenyewe inatoka humo.

Chukua bikari, chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 upande wa kushoto wa karatasi ya mraba. Hizo sentimita 5 ndizo 1 yako. Kwa kipimapembe, weka alama kila nyuzi 30 kuanzia kulia, ukizunguka kinyume na mwendo wa saa. Sasa pima kila alama iko juu kiasi gani kutoka mstari wa katikati. Ya nyuzi 30 iko sentimita 2.5, yaani nusu. Ya 60 iko karibu 4.3. Ya 90 iko 5 kamili. Hamisha kila kimo kulia, juu ya pembe yake kwenye mhimili. Hujagusa kikokotoo, na wimbi limeanza kujitokeza.

Nilimfanyisha kijana wa Umoja zoezi hili Jumamosi moja mezani kwangu Donholm. Alipofika nyuzi 210 aliinua macho. "Mwalimu, lakini hii iko chini ya mstari." Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akavuta daftari lake la zamani, akalifuta lile tawi bila kuambiwa. Kwa maoni yangu, dakika ile ilimfaa kuliko maswali ishirini ya marudio.

Duara pia hueleza yale ambayo jedwali hulazimisha. Kwa nini sin haizidi 1? Kwa sababu hakuna nukta ya duara iliyo juu kuliko kilele chake. Kwa nini kila kitu hurudia baada ya 360? Umerudi ulipoanzia. Kwa nini sin hupanda haraka karibu na 0 na kupunguza mwendo karibu na 90? Angalia nukta: mwanzoni inapanda karibu wima, juu inatembea kando. Na tan ni kimo ukikigawa kwa umbali wa kando. Kwenye 90 umbali wa kando ni sufuri, huwezi kugawa, na ule ukuta unauona kwa macho. Kipindi cha tan, yaani nyuzi inazopita kabla ya kuanza kujirudia, ni 180 si 360, na hilo nalo liko wazi hapo, kwani ukipita upande wa pili wa duara namba zote mbili zimebadili alama na jibu la kugawanya ni lilelile.

Hasara yake ni muda. Duara zuri huchukua nusu saa, na kwenye chumba cha mtihani huna nusu saa. Tena 2 sin (x + 30) halikuingii moja kwa moja. Unahitaji duara la nusu kipenyo mara mbili, na uanze kuzunguka kutoka nyuzi 30 badala ya 0. Inawezekana, na anayeifanya mara moja hatasahau maana ya ile + 30. Lakini mara moja inatosha.

Kusogeza na kunyoosha

Njia hii huitumia zaidi walimu wanaopenda algebra, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo chukua ninayosema hapa na chumvi kidogo. Unaanza na wimbi la sin x unalolijua kwa moyo: 0 kwenye 0, juu kwenye 90, 0 kwenye 180, chini kwenye 270, 0 kwenye 360. Nukta tano. Kisha unaisoma kanuni kama maagizo ya fundi. Ile 2 ya mbele inanyoosha kimo hadi 2. Ile + 30 ya ndani inasogeza wimbi lote nyuzi 30 kushoto. Basi wimbi linakata mhimili kwenye −30, linafika kilele kwenye 60, linakata tena kwenye 150, linafika chini kabisa kwenye 240, linarudi kwenye 330. Dakika moja, na umbo lote umelishika.

Mtego ni kwamba kujumlisha kunasogeza kushoto. Kila mwaka kuna anayebisha, na ana haki ya kubisha. Mimi husema hivi. Chukua matatu mbili za laini moja, zinazopita steji zilezile. Moja imetoka mjini nusu saa mapema. Itafika kila steji nusu saa mapema, si nusu saa baadaye, na ukiandika saa zake kwenye mstari zote zitakaa kushoto kwa zile za mwenzake. Wimbi lenye + 30 limeshaanza safari. (Wakati mmoja mwanafunzi aliniuliza ni matatu gani Nairobi inayofuata saa. Sikuwa na jibu.)

Mtego wa pili ni mbaya zaidi: sin (2x + 60). Wengi husogeza 60. Jiulize ni lini ndani panakuwa sufuri. 2x + 60 = 0 pale x ikiwa −30, kwa hiyo wimbi limesogea 30 tu, na kipindi chake kimekuwa 180. Asiyeuliza swali hilo atakosa hata akiwa hodari namna gani.

Njia hii peke yake haikupi alama zote, maana jedwali unatakiwa ulijaze na nukta uziweke. Thamani yake ni ya mlinzi. Chora wimbi hili kwa penseli nyepesi pembeni kabla ya kugusa jedwali. Jedwali likikuambia kwamba kwenye 210 uko juu, na mchoro wako unakuambia uko chini, mmoja wao anadanganya, na mara nyingi ni jedwali. Cos 2x ni mfano mzuri pia: kwa hatua za 30 jedwali lina 1, 0.5, −0.5, −1, na hakuna mahali linapogusa sufuri. Mchoro wa pembeni unakuambia wimbi linakata kwenye 45 na 135, kwa hiyo unajua mkunjo upite wapi kati ya nukta.

Simu

GeoGebra ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Desmos nayo ni ya bure. Unaandika mlinganyo, grafu inatokea. Unaweza kuweka herufi badala ya namba, y = a sin (bx + c), ukapata vitelezi vya kuvuta kwa kidole na kuona wimbi likirefuka, likibanana, likihama. Kwa kuelewa kazi ya a, b na c, sijaona kitu kinachofundisha haraka kuliko hicho. Dakika kumi tu.

Lakini kuna visiki. Programu hizi huanza na radiani. Kwenye GeoGebra andika sin(x°) pamoja na alama ya digrii, na kwenye Desmos fungua mipangilio uchague digrii. Ukishabadilisha, utaona mstari ulionyooka ukipita katikati na utadhani simu imeharibika. Haijaharibika. Dirisha linaonyesha kutoka −10 hadi 10, na ndani ya nyuzi kumi sin haijapanda hata 0.2. Panua mhimili hadi 360.

Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo kwa wa bweni hii ni njia ya likizo. Na kuna kasoro ambayo wazazi hawaioni: simu inachora vizuri mno. Mtoto hutazama, husema "nimeelewa", na mkono wake haujawahi kuweka 1.73 mahali pake. Video za mtandaoni nazo zina lao. Nyingi zimetengenezwa ng'ambo, na mfano wao wa kwanza ni urefu wa mchana kubadilika mwaka mzima. Mtoto wa Nairobi, aliyezaliwa karibu na ikweta, mchana wake hautofautiani hata nusu saa kati ya Juni na Desemba. Mfano huo kwake ni hadithi. Mwenye jamaa Mombasa atashika haraka zaidi ukimwambia kuhusu maji kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa wakati wa bamvua na ndogo wakati wa maji mafu. Hapo una kipindi, na una amplitudo (kimo cha wimbi) inayobadilika, bila kutoka Kenya. Au muonyeshe soketi ya ukutani: umeme wetu ni wimbi la aina hiihii, mara 50 kila sekunde.

Uchague ipi

Kama mtihani uko wiki tatu mbele, usianze duara. Fanya jedwali kila siku, swali moja kwa robo saa ya saa ya ukutani, na ujifunze kusogeza kiasi cha kuchora yule mlinzi wa pembeni. Hizo mbili zinatosha kukupa alama nyingi za swali hilo. Simu iweke mbali, itumie kukagua tu baada ya kumaliza kuchora kwa mkono.

Kama una muhula mzima au zaidi, anza na duara. Siku mbili, si zaidi. Kisha jedwali, kisha kusogeza, na simu likizoni. Mpangilio huu naupendelea kuliko wowote. Wengi huenda kinyume chake, wakianza na video na kumalizia na karatasi wakati muda umekwisha, na hao ndio ninaowapokea wakiwa wamechoka.

Kwa mtoto anayesoma vizuri kwa macho lakini anachukia hesabu, ruka utaratibu huo. Mpe simu kwanza, avute vitelezi mpaka aulize swali mwenyewe. Swali hilo likishatoka, mpe bikari.

Wenye watoto wa Gredi 10 chini ya mtaala mpya hawana haraka hii, maana KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani, ni ya 2027 na wao hawamo. Hao nisingewaonyesha jedwali mpaka wawe wamechora duara angalau mara mbili.

Mama wa Umoja hakununua kitabu. Alinunua penseli mbili za HB, raba, na karatasi za mraba. Juzi alinitumia picha nyingine: y = 3 cos 2x na y = sin (x − 45) kwenye mihimili ileile. Mkunjo laini, nukta ndogo. Pembeni kwenye ukingo wa karatasi kulikuwa na wimbi jepesi la penseli, karibu lifutike, na juu yake mwandiko wa haraka: "kulia 45".